Kusimama Mbele ya Darasa na Kusikika: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari au chuo aliyepewa dakika tano hadi kumi za kuwasilisha kazi mbele ya darasa, na pia ni wa mwalimu anayemwandaa. Tunachukulia kwamba mada umeshaisoma na hoja unazo. Kilichobaki ni utoaji: miguu, pumzi, macho, sauti na mikono. Hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Mtu amesoma usiku kucha, lakini waliokaa madawati ya nyuma hawakuambulia kitu, na alama za uwasilishaji zimekwenda.

Usisubiri woga uishe ndipo usimame. Woga ni kazi ya mwili. Ukitazamwa na watu wengi kwa pamoja, homoni ya adrenalini hupanda, moyo hukimbia, mate hukauka, vidole hutetemeka na pumzi huishia kifuani. Hata wazungumzaji wazoefu hupatwa na hali hiyo, ila miili yao imeshazoeshwa la kufanya wakati huo. Mazoezi ya kuuzoesha mwili ndiyo yanayofuata hapa. Tutatumia mfano mmoja: mwanafunzi wa Jiografia anayeeleza kupungua kwa barafu ya Mlima Kilimanjaro.

Hatua ya 1: Toa maneno kwenye daftari, yaweke kwenye kadi

Kosa la kwanza hufanyika nyumbani, kabla darasa halijakusanyika. Mwanafunzi anaandika insha, kisha anasimama na kuisoma. Lugha ya insha ina sentensi ndefu ambazo jicho linaweza kuzirudia, lakini sikio haliwezi. Anayesoma pia huinamisha kichwa, na kichwa kikiinama koo hubanwa na sauti huishia sakafuni.

Kata kadi ngumu zenye ukubwa wa nusu ya ukurasa wa daftari. Boksi la biskuti au jalada la daftari kuukuu linatosha. Kwa dakika tano, kadi nne zinatosha: ya mwanzo, mbili za hoja, na ya mwisho. Kila kadi iwe na maneno matano au sita tu, kwa herufi kubwa unazoweza kuzisoma kadi ikiwa usawa wa kitovu. Zipe namba kwenye kona, zitoboe na uzifunge kwa uzi, kwa sababu kadi zilizoanguka bila namba zinaweza kukuvuruga kabisa. Kadi ngumu ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui: karatasi laini ya A4 hupepea mkono ukitetemeka na darasa zima huona, lakini kadi ngumu haipepei.

Nje ya maneno hayo machache, andika neno kwa neno vitu vitatu tu: sentensi ya kwanza, takwimu zote, na sentensi ya mwisho. Mengine yaje kwa maneno yako ya siku hiyo.

Kuhusu muda, Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo lenga maneno kama 100 kwa dakika. Dakika tano ni maneno 500, na ukitoa muda wa kutua na kuandika ubaoni, yabaki 450. Wanaoandaa maneno 900 kwa dakika tano ndio wanaokimbia kama wanafukuzwa, au wanaokatizwa na mwalimu kabla ya kufika kwenye hoja yao bora.

Hatua ya 2: Fanya mazoezi kwa sauti, ukiwa umesimama

Kusoma kimyakimya kitandani si mazoezi ya kuzungumza. Ulimi haujapita kwenye maneno hayo, kwa hiyo siku ya siku utajikwaa pale ambapo kichwani palikuwa laini. Simama, vaa viatu utakavyovaa, shika kadi, na useme yote kwa sauti ileile ya darasani.

Mara ya kwanza usipime muda. Sema tu hadi mwisho hata ukiharibu, usirudi nyuma kusahihisha. Ukizoea kuanza upya kila unapokosea, utaujua mwanzo vizuri sana na mwisho hutaujua kabisa. Mara ya pili pima muda, kisha punguza hoja, usiongeze kasi. Mara ya tatu jirekodi kwa simu na usikilize ukiwa umefumba macho. Mara ya nne fanyia kwenye chumba chenyewe baada ya vipindi, huku rafiki mmoja amekaa dawati la mwisho kabisa. Kazi yake ni kuinua mkono kila anapopoteza neno. Kama shuleni kwenu simu haziruhusiwi, rafiki huyo ndiye kinasa sauti chako. Mara ya tano na ya sita ziwe kwenye siku mbili tofauti.

Usikariri neno kwa neno. Aliyekariri akisahau neno moja hubaki hana njia ya kuendelea, kwa sababu kila neno lilikuwa limeshikiliwa na lililotangulia. Hili huwapata zaidi wanafunzi wa kidato cha kwanza Tanzania, waliotoka kusoma kwa Kiswahili shule ya msingi na sasa wanawasilisha kwa Kiingereza. Dawa yake ni sentensi fupi za kitu na kitendo, maneno ya kadi yaandikwe kwa lugha utakayoizungumzia, na maneno magumu yatamkwe na mwalimu wa somo angalau mara moja kabla ya siku yako.

Hatua ya 3: Dakika kumi kabla

Kunywa maji ya kawaida, mafunda machache. Soda itakufanya ucheue. Chomekea shati, kaza tai, bana hijabu kwa pini, toa funguo na sarafu mfukoni. Kitu chochote kinachoweza kuteleza au kulia, mkono wako utakifuata bila wewe kujua.

Ukiwa umekaa kwenye dawati lako, weka mkono tumboni, chini kidogo ya mbavu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, mkono usukumwe nje na mabega yasipande. Toa taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi sita. Rudia mara tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Wengi hufanya kinyume: huvuta pumzi kubwa, wakaishikilia, kisha wakasimama nayo, na neno la kwanza linatoka limekabwa.

Hatua ya 4: Kwenda mbele na kusimama

Uwasilishaji huanza unapoinuka kwenye dawati, kwa sababu darasa limeshaanza kukutazama. Tembea kwa mwendo wako wa kawaida. Fika, geuka, simama katikati, hatua mbili mbele ya ubao. Ukiegemea ubao utatoka na chaki mgongoni na sauti itapungua nguvu.

Miguu iachane kwa upana wa mabega, uzito ugawanyike sawa, magoti yasikazwe. Anayepishanisha miguu huyumba, na anayeegemea mguu mmoja hubadilisha kila baada ya sekunde chache hadi watazamaji wanaanza kumfuata kwa macho badala ya kumsikiliza. Mikono iwe mbele ya kitovu, mmoja umeshika kadi, mwingine huru. Mikono nyuma ya mgongo inakufanya uonekane unangoja adhabu, na mfukoni inaonyesha dharau hata kama hukuikusudia.

Sasa, kabla ya kusema lolote, hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Tazama darasa. Ukimya huo utauona mrefu mno, lakini kwao ni muda wa kawaida tu, na ndio unaonyamazisha minong'ono. Anayeanza kuzungumza akiwa bado anatembea hupoteza sentensi yake ya kwanza, ambayo ndiyo aliyoiandaa zaidi.

Hatua ya 5: Salamu fupi, kisha jambo lenyewe

"Mwalimu, shikamoo. Wanafunzi wenzangu, habari za asubuhi." Darasa litajibu kwa pamoja. Wanapojibu, wewe vuta pumzi kwa tumbo. Hiyo ndiyo pumzi ya sentensi yako ya kwanza.

Baada ya hapo ingia kwenye mada. Usiombe radhi kwamba hukujiandaa, kwamba una mafua, au kwamba mada ni ngumu. Ukisema hivyo umewaelekeza watafute makosa, na watayapata. Linganisha mianzo hii miwili: "Leo nitaongelea kuhusu mada ya barafu ya Mlima Kilimanjaro kama tulivyopewa na mwalimu", na "Mtu aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1912 aliona barafu ambayo sisi hatutaiona." Wa pili umeshafanya kazi kabla hata mada haijatajwa.

Hatua ya 6: Macho

Ligawe darasa katika maeneo manne: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Katika kila eneo chagua sura moja ya mtu anayekusikiliza. Mpe mtu huyo sentensi nzima, yaani sekunde tatu hadi tano, kisha hamia eneo lingine sentensi inapoisha. Usizungushe macho katikati ya sentensi, wala usifuate mpangilio uleule wa kushoto kwenda kulia kila mara.

Anza na eneo la nyuma. Ukimtazama mtu wa nyuma, kidevu huinuka na sauti hupanda yenyewe.

Kuna wanaofundishwa kutazama ukuta juu ya vichwa vya watu. Tunashauri uache. Darasa hutambua mara moja kwamba huongei nao, na wewe unakosa taarifa muhimu: nani amekunja uso kwa kutoelewa, nani ameinamia daftari kuandika na anahitaji upunguze kasi.

Vipi kuhusu mwalimu? Wengi wetu tumelelewa kutomkazia macho mkubwa, na ni malezi mema. Lakini hapa mwalimu ni msikilizaji miongoni mwa wasikilizaji. Mtazame sekunde mbili ikifika zamu yake, kisha endelea na wengine. Kosa linalotokea kila siku ni kuongea na mwalimu peke yake kwa dakika zote tano, kwa sababu ndiye anayetoa alama. Wanafunzi wakijiona hawahusiki, wataanza mazungumzo yao.

Hatua ya 7: Sauti

Hapa tukae kidogo, kwa maana hapa ndipo mazoezi hulipa haraka kuliko kwingine.

*Nguvu.* Sauti kubwa hutokana na pumzi nyingi. Ukikamua koo itapanda na kuwa kali, na kesho yake utakuwa umepwelewa na sauti. Zoezi: vuta pumzi kwa tumbo, kisha hesabu kwa sauti moja hadi kumi kwa pumzi hiyo moja, "kumi" iwe na nguvu sawa na "moja". Ukiweza, nenda hadi kumi na tano. Fanya mara tatu asubuhi kwa wiki mbili.

*Miisho.* Sauti za wanafunzi wengi hufa mwishoni mwa sentensi kwa sababu pumzi imeisha. Mara nyingi neno zito la Kiswahili hukaa hukohuko: "Waliopima barafu hiyo walikuta imebaki kidogo sana." Likipotea "kidogo sana", sentensi nzima haina maana. Vuta pumzi mapema, na sentensi ifupishe.

*Mianzo.* Silabi za mwanzo wa kitenzi ndizo zinazobeba nafsi, wakati na ukanushi. "Barafu hiyo haitarudi haraka" ikimezwa "ha" yake inakuwa "itarudi haraka", kinyume kabisa cha ulichokusudia. Kila kitenzi chenye ukanushi kipigie mstari kwenye kadi na ukianze kwa nguvu.

*Kutua.* Weka alama kwenye sentensi muhimu: mstari mmoja ni kutua kidogo, miwili ni kutua kwa pumzi nzima.

Tangu mwaka 1912 / barafu ya Kilimanjaro / imepungua kwa zaidi ya / asilimia themanini. //

Angalia mahali mstari wa tatu ulipo. Ukitua kabla ya takwimu, masikio yanaisubiri. Ukitua tena baada yake, mtu anapata muda wa kuiandika. Tatizo la wanaoharakisha ni kwamba takwimu ndiyo wanayoipita kwa kasi kuliko kitu kingine, kwa kuwa wao wanaijua. Isome sentensi hiyo mara tano kwa sauti, mara mbili za mwisho bila karatasi, na utasikia inavyobadilika.

Kutua pia ndiyo dawa ya "yaani", "nini", "eee" na "kwa hiyo" zinazorudiwa kila baada ya maneno matatu. Maneno hayo hujaza nafasi ambayo akili inatafuta neno linalofuata. Usijikataze kuyasema, utababaika zaidi. Badala yake funga mdomo kila ukimaliza sentensi, midomo iguse, vuta pumzi kwa pua, kisha endelea. Mdomo uliofungwa hauwezi kutoa "eee".

*Matamshi.* Kila mmoja ana sauti zinazomsumbua kutokana na lugha ya kwao: wengine ni r na l, wengine th na s, dh na z. Si aibu, lakini "thamani" ikisikika "samani" msikilizaji atafikiria meza na viti. Chagua maneno matano tu ya mada yako yenye sauti hizo, kama "themanini", na uyatamke polepole mara kumi kila siku. Usijaribu kubadilisha lafudhi yako yote kwa wiki moja, utasikika unaigiza.

Hatua ya 8: Mikono, ubao na vifaa

Mkono useme pale tu unapokuwa na la kusema: kuhesabu hoja kwa vidole, kuonyesha kimo, kuelekeza kwenye picha. Kisha urudi kwenye kitovu. Mwenye kubofyabofya kalamu aiache kwenye dawati.

Ubaoni: andika ukiwa kimya, geuka, kisha sema. Sauti inayoelekezwa ubaoni haifiki popote. Herufi ziwe na kimo cha vidole vinne, na usiandike zaidi ya maneno matano. Takwimu zote kubwa ziandikwe kwa tarakimu: kwa kimo cha Kilimanjaro, sema "karibu mita elfu sita", andika 5,895, kaa kimya sekunde mbili.

Karatasi ya manila ibandikwe kabla ya kipindi, kwa gundi ya karatasi kwenye kona zote nne, maana upepo wa dirishani hautakusubiri. Simama upande wake, usiizibe. Ukitumia projekta, jiandae kana kwamba umeme utakatika: kadi zako zitoshe peke yake. Wala usisome slaidi neno kwa neno; wenzako wanasoma haraka kuliko unavyotamka, na watakuwa wameshamaliza wakikungoja.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Umesahau. Nyamaza, tazama kadi, soma neno, inua kichwa, endelea. Sekunde tano zinatosha na hakuna atakayekulaumu. Kama hata kadi haisaidii, rudia sentensi ya mwisho uliyosema. Mara nyingi inayofuata huja yenyewe.

Umekosea takwimu. Sahihisha mara moja: "Nimesema 1921, ni 1912." Usicheke wala usijieleze.

Darasa limecheka. Subiri kicheko kishuke hadi karibu kiishe, ndipo uendelee. Ukiongea juu ya kicheko utapoteza sentensi mbili.

Mvua imepiga bati. Hakuna pafu linaloshinda mabati wakati wa masika. Sogea katikati ya safu za madawati, andika neno kuu ubaoni, au mwombe mwalimu dakika chache. Kuendelea kupiga kelele ni kujichosha bure.

Sauti inatetemeka. Toa pumzi yote, vuta kwa tumbo, anza sentensi inayofuata kwa sauti ya chini kidogo kuliko ile uliyokuwa nayo.

Hatua ya 10: Kazi ya kikundi, maswali na kumaliza

Kikundi cha watu watano kikitumia nusu dakika kila mmoja kujitambulisha, dakika mbili na nusu zimekwisha bila hoja. Mmoja awataje wote mwanzoni. Kupokezana kuwe kwa sentensi moja inayobeba swali la anayefuata: "Tumeona barafu ilivyopungua, Neema ataeleza kwa nini." Wasiozungumza wasimame pembeni wakimtazama anayezungumza. Wakinong'onezana, darasa litawatazama wao.

Swali likiulizwa, lisikilize hadi mwisho hata kama umeshajua jibu. Lirudie kwa sauti ili wa nyuma walisikie, kisha jibu ukilitazama darasa zima. Jibu likiwa hulijui, sema: "Hilo sikulisoma. Nitalitafuta nililete kipindi kijacho." Kisha kweli ulilete. Ukibuni jibu na mwalimu akaligundua, hata hoja zako sahihi zitatiliwa shaka.

Mwisho usiwe "ni hayo tu niliyokuwa nayo". Sema sentensi yako ya mwisho uliyoiandika, tua, sema "Asanteni kwa kunisikiliza", simama sekunde mbili, ndipo uondoke. Wengi hugeuka huku neno la mwisho bado liko mdomoni.

Siku hiyohiyo mwulize rafiki wa dawati la mwisho mambo matatu: Ni sentensi gani hukuisikia? Wapi nilikimbia? Ni takwimu gani unaikumbuka? Usimwulize kama ulikuwa mzuri, kwa sababu atakuambia ndiyo. Katika majibu yake chagua kasoro moja tu ya kufanyia kazi kabla ya zamu yako ijayo, iandike juu ya kadi namba moja, na zoezi lake uanze kesho asubuhi. Mwalimu naye, anapotoa maoni, amtajie mwanafunzi jambo moja la kurekebisha na ampe dakika moja palepale arudie sentensi ileile.